Nyumba Tuliyompa Mungu

Nyuma ya Soko la Nambu,
Jeonju.
16 Novemba 1998.

Mpendwa Dada Ok-ran,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Malle. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje, na hiyo baridi ya Essen imeshaanza kukuonea? Nakuomba ukitoka zamu ya usiku usikae na zile soksi nyembamba za kazini. Umewahudumia wagonjwa wa watu maisha yako yote na wewe mwenyewe hujui kujifunika blanketi.

Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mama anakula vizuri. Jicho lake la kulia linaona bado, la kushoto limestaafu kabla yako. Kimchi ya mwaka huu nimeshaitia, kabeji chache tu, na pilipili imepanda bei mpaka naisogelea kwa heshima. Hyeon-ju na mumewe wako Suwon, hawajapunguzwa kazi, namshukuru Mungu kwa hilo.

Barua yako ya mwezi uliopita imefika. Nilimsomea Mama, akaniambia nirudie pale uliposema hospitali itakuaga mwezi wa tatu, na kwamba Aprili utakuwa hapa micheri ikichanua. Amenirudisha hapo mara nyingi, sasa anaijua kwa moyo. Nami nimejaribu kuianza barua hii kwa maneno matamu nimeshindwa, kwa hiyo nalitoa mapema. Dada, nakuomba usirudi. Chumba chako hakipo. Nyumba yenyewe haipo. Nipe nafasi nikueleze, kisha unikasirikie utakavyo.

Mwanzo wake unaujua kwa barua aliyokuandikia shemeji yako miaka mitatu iliyopita, lakini barua ya Gil-su ilikuwa barua ya mtu aliyeokoka mara ya pili. Nataka uisikie kwangu niliyekuwa nimeketi pembeni yake.

Mwaka ule walimchagua kuwa mzee wa kanisa. Unajua mambo yanavyokwenda kwetu. Hakuna anayemwambia mzee mpya alipe kitu, ila hajapata kutokea mzee aliyesimikwa mikono mitupu. Aliyemtangulia alinunua kinanda. Aliyemtangulia huyo alinunua basi la kubebea vikongwe. Sasa Gil-su, mtu wa kiwanda cha karatasi, angenunua nini, mafagio? Alikuwa hapati usingizi kwa fedheha ambayo haijamfika. Kanisa nalo lilikuwa bado ghorofani juu ya duka la matairi, mvua ikinyesha tunasogeza madawati. Mchungaji Seok akapanda madhabahuni Jumapili moja akasema ameichukua amana ya nyumba yake yote kwa mwenye nyumba na kuitoa kwa jengo jipya, na kwamba yeye na mkewe na watoto watalala jikoni mwa kanisa. Akauliza nani atafuatana naye. Mume wangu, ambaye nyumbani huniuliza avae shati gani, akasimama.

Huko kwenu mtu hulipa kodi kila mwezi, basi pengine umesahau uzito wa amana kwetu. Ile siyo pesa ya kupanga. Ile ndiyo akiba ya maisha mazima, imelala kwa mwenye nyumba, na siku ya kuhama unarudishiwa yote. Aliyeitoa hiyo hana tena mahali pa kusimamia. Na yetu nusu yake ilikuwa jasho lako, maki zako za Kijerumani za kila mwezi, ili tupate nyumba yenye chumba cha ziada cha wewe kuzeekea.

Njiani kurudi sikuweza kungoja tufike.

"Umempa Mungu nyumba," nikamwambia.

"Amana ya nyumba."

"Tofauti yake nini, baba Hyeon-ju?"

"Nimeshatamka, Malle. Neno limeshatoka mbele ya madhabahu. Unataka nirudi nikaseme mke wangu amekataa?"

"Nusu si yetu. Ni ya Ok-ran."

"Nitamwandikia. Na kiinua mgongo changu kitairudisha yote kabla hajastaafu. Nimepiga hesabu mpaka nikaridhika. Mungu hatabaki na deni kwetu."

Tena hesabu yake ilikuwa sawa, Dada, sitamsingizia. Alibakiza miaka michache kiwandani, na kiinua mgongo cha mtu aliyeanza pale akiwa kijana kilitosha nyumba nzuri kuliko ile. Akakuandikia. Nawe ukajibu kwamba ikiwa ni nyumba ya Mungu na iwe, mradi ukirudi upate pa kulaza ubavu. Nilikasirika nawe kwa jibu hilo. Nilitaka ukatae ili nipate mtu wa upande wangu. Hasira hiyo imekwisha siku nyingi.

Usidhani mimi ni mchoyo kwa Mungu. Tangu niolewe, kila nikiosha mchele natenga kiganja kimoja kwa kila mdomo wa nyumbani, na Jumapili mfuko unakwenda kanisani. Fungu la kumi sijapata kulionja. Lakini mimi na wewe tumelelewa na mtu mmoja. Baba ndiye wa kwanza kubatizwa kijijini, na gunia la kwanza la mavuno lilikuwa la kanisa hata mwaka wa njaa. Ila gunia la mbegu alilifunga juu darini, na hakuna mhubiri aliyepata kulifikia. Alisema mkulima hali mbegu, na hampi hata Mungu, kwa sababu mwakani Mungu atataka tena. Mimi nilikua nikijua imani ni lile gunia la chini na akili ni lile la juu, na yote mawili kayaumba Yeye. Gil-su aliliteremsha la juu.

Mzee Bang, mwenye nyumba, alituhesabia pesa yote bila kupunguza hata kwa ajili ya ukuta uliochafuliwa na moshi wa jiko langu. Yeye ni mtu wa kuchomea ubani wahenga wake, kanisani hajakanyaga. Alipomaliza kuhesabu akaniangalia.

"Mama Hyeon-ju, si mnasema mbingu zote ni zake huyo Mungu wenu? Sasa vyumba vyangu hivi vya nini?"

Nilicheka, kisha nikamkasirikia, kisha nikaenda bombani nikajifanya naosha kabeji.

Jengo lilipanda. Nisiwe mnafiki, lilikuwa zuri. Nilivua pete yangu nayo ikaenda kwenye madirisha. Krismasi ya kwanza tuliimba humo na Mama akasema sasa anaweza kufa, ingawa aliahirisha. Lakini jengo lilikuwa na deni la benki kama majengo yote, na mwisho wa mwaka jana unajua nchi ilivyopatwa na lile anguko la fedha. Riba ilipanda kama homa. Watu walioahidi sadaka kubwa wakapoteza kazi, ahadi zikabaki midomoni. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mwezi wa kwanza nchi nzima ilipanga foleni kutoa dhahabu kulipa deni la taifa, na mimi nikapita pale nikiwa na kidole kitupu. Jirani akanitazama kama mtu asiyeipenda nchi yake. Ningemwambia nini, kwamba Mungu aliwahi mbele ya serikali?

Februari kiwanda kikafunga. Kilikuwa kikidaiwa kuliko thamani ya mashine zake, na benki zikachukua cha kwanza. Wafanyakazi waligombea kilichobaki ghalani. Gil-su alirudi jioni akisukuma mkokoteni wa mabunda ya karatasi, akayashusha mlangoni moja moja. Karatasi hii unayoishika, Dada, ndiyo kiinua mgongo cha shemeji yako. Nyingine nimeziuza kwa wenye maduka ya kunakili. Hizi za kuandikia barua nilizibakiza.

Agosti kanisa likapigwa mnada. Amelinunua mtu wa ukumbi wa harusi. Msalaba waliuteremsha kwa winchi siku ya kazi, ili watu wasijae. Sasa Jumamosi pananukia maua ya bei kubwa, na maharusi hupiga picha pale tulipoimba Krismasi.

Nakuomba usimlaani Mchungaji Seok. Ningempata mwizi ningefurahi, ningejua pa kuelekeza ulimi wangu, na unaujua ulivyo. Lakini yeye na watoto walilala kweli jikoni mwa kanisa, na lilipouzwa alitoka na godoro. Siku za wiki anabeba mitungi ya gesi kwa pikipiki, mgongo umempinda. Jumapili tunakusanyika chini ya mgahawa wa tambi, na mahubiri yakifika katikati supu inaanza kuchemka juu yetu, hata malaika angepoteza mstari.

Ila Gil-su haji. Yeye aliyetoa nyumba ndiye aliyeacha kwenda, na mimi niliyekataa ndimi niendaye. Anaamka kabla ya ibada ya alfajiri, anavaa, anakwenda kusimama pale wanapochukua vibarua wa ujenzi. Wanachukua vijana kwanza. Siku nyingi anarudi na kiatu kisicho na vumbi. Mezani haombei chakula tena. Ananyamaza kidogo, mahali pale ambapo sala ilikuwa, kisha anashika kijiko. Mama anajaza pengo hilo kwa kusema amina peke yake.

Wiki mbili zilizopita alinikuta natenga fungu la kumi la vitoweo ninavyouza sokoni, visarafu vya aibu, nikivifunga kwenye bahasha.

"Unatoa tena?" akaniuliza.

"Hili si la jengo. Hili ni la shukrani."

"Shukrani ya nini, Malle?"

Nilikuwa nimezoea kumshinda mume wangu kwa maneno. Nikaenda kuosha mchele, nikatenga viganja vitatu kama kawaida, na hadi leo sijamjibu. Ukinijulia jibu niandikie.

Tunapokaa sasa ni chumba kimoja, nusu yake imezama ardhini. Dirisha liko usawa wa barabara, tunawajua majirani kwa viatu. Kodi ni ya kila mwezi, kama huko kwenu, basi sema tumeendelea. Tumetundika shuka katikati, Mama upande wa jiko la makaa kwa sababu ya joto, sisi upande wa mlango. Nimepima kwa macho, Dada, na nimepima kwa kamba. Hakuna pa kutandika godoro la mtu wa nne bila mmoja kulala amekaa.

Najua utakavyojibu. Utasema una pensheni, ukija utapanga nyumba tukae wote. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko ule mnada. Ulitoka hapa msichana ukaenda kuwageuza wazee wa kizungu vitandani ili mimi nisome na Baba atibiwe na Mama apate meno. Hukuolewa. Kila ulichobakiza kilikuja huku, na tuliobaki huku tumekitia kwenye ukuta ambao si wetu. Ukirudi utaanza upya kulisha midomo minne kwa kijipesa cha uzee, na magoti yako hayo. Huko unatibiwa. Huku ukianguka tutauza nini? Mabunda ya karatasi yamekwisha.

Nimeanza tena kuweka. Akiba haiozi, ndivyo nilivyofunzwa, na mkono wangu haujui kazi nyingine. Nafanya kama Baba, la kanisa chini, la mbegu juu. Ila sina dari, naficha kwenye mtungi wa uduvi wa chumvi, mtu hawezi kuufungua bila kujuta. Gil-su hajui. Mungu anajua. Nikiinama kusali nausikia ule mtungi mgongoni kwangu. Nauliza kama ninaweka akiba au simwamini Yeye, na kama kumwamini ni kufanya alivyofanya mume wangu, basi sioni alipo mtu aliyepona kwa hilo. Nilikuwa na uhakika wa jambo hili zamani, nilikuwa hata nikiwafundisha mabinti waliotaka kuolewa. Sasa hawaniulizi. Na nisikufiche, kwa mwendo wa huo mtungi, nyumba yenye chumba chako itapatikana wewe ukiwa na miaka mia moja na kitu.

Jana ilikuwa Jumapili ya Shukrani, ndiyo maana naandika leo na siwezi kungoja. Palikuwa na maboga na matofaa machache mezani, si kama miaka ile. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye neno la shukrani. Tukatazama maboga. Watu wengi pale wamepoteza kazi, wengine nyumba kwa ahadi ileile. Ndipo Mama akanishika bega akainuka. Hajapata kusema kanisani maisha yake yote, wewe unajua anavyoona haya. Akasema anamshukuru Bwana kwa sababu binti yake wa kwanza, aliyekwenda mbali kwa ajili ya wenzake, anarudi mwezi wa nne, na kwamba alimwomba Mungu asimchukue kabla ya kumwona, na sasa ameona Mungu ni mkweli.

Dada, ukumbi ule wa chini ulifufuka. Watu walilia. Nadhani walikuwa hawajasikia ombi lolote lililojibiwa tangu mwaka uanze, wakalishika lako. Mchungaji Seok alikushukuru kwa jina, akaiombea ndege yako. Wote wakasema amina, nami nikasema nao, kwa sauti, nikiwa nimemshika Mama kiwiko.

Leo alfajiri nilimpeleka ibada kama kila siku. Tunapiga magoti kwenye mkeka mmoja kwa sababu wa pili umeoza. Yeye anaomba urudi, hanong'oni vizuri tena, nasikia kila neno. Mimi pembeni yake naomba usirudi. Mimi na mama yangu, bega kwa bega, tunamvuta Mungu huku na huku kwa ajili yako. Katika maombi yote niliyoomba miaka hii, hili la kumnyang'anya Mama ndilo naona litajibiwa, maana kulijibu kuko mikononi mwako na wewe hujapata kuninyima kitu. Nasikitika, Dada. Nasikitika kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwambie mwenye nyumba wako umebadili nia. Fanya haraka kabla hajampa mwingine.

Ukinijibu, andika barua mbili. Moja iwe yangu. Nyingine iwe ya kusomwa kwa sauti, useme hospitali imekuomba ubaki kidogo, mwaka mmoja hivi. Unajua kutunga vizuri kuliko mimi. Usitaje mwezi, maana akishaupata mwezi hauachi.

Hyeon-ju anakusalimu sana, na mumewe pia. Mzee Bang nilikutana naye sokoni, ameuliza habari zako, akaninunulia kabeji na akakataa kurudishiwa chenji. Gil-su hajakutumia salamu; hawezi hata kulitaja jina lako, lakini jana nilipotoka kanisani nilimkuta ameketi ameishika picha yako ile ya sare nyeupe, basi zihesabu hizo kuwa salamu zake. Bwana akulinde unapotoka na unapoingia, akupe joto miguuni na watu wa kukubishia hodi.

Za Mama sizitii humu. Hajui kama naandika. Yuko upande wa pili wa shuka, anashona foronya ya mto wako.

Wako akupendaye, ambaye leo hana cha kukupa,

Malle.